Mkono Nilioruka

Mtu aliyestaafu anatakiwa awe na mvi, saa ya ukutani aliyopewa na wenzake, na shamba la kurudia. Mimi nina miaka thelathini na nne na mtoto wa darasa la tatu, na wala sikustaafu, nimestaafishwa. Barua ilisema huduma yetu inabadilishwa sura. Sura yenyewe mpya ni kifurushi kinachokuja kwa posta: unajitoboa mwenyewe, unasoma maelezo mwenyewe, unaogopa mwenyewe. Basi ninyi wadogo zangu watatu mnaobaki pale ofisini kupokea simu, kabla wakubwa hawajawaaminisha kwamba kazi hii ilianza siku walipoajiriwa wao, kaeni niwaeleze. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini, maana sikupandishwa. Nitaeleza kazi.

Kazi ilikuwa kupima magonjwa ya zinaa kwa wanaume wanaolala na wanaume wenzao. Naandika wazi kwa sababu nimechoka na watu wa kwetu wanaokohoa kwanza ndipo wataje. Mashoga wa kwetu wapo, Wakongo, Watanzania, Wakenya, wapo London hii hii, wanapanda basi moja na wewe, wanawavisha wazazi wa watu soksi kila asubuhi. Kliniki ya mtaani kwao hawaendi, kwa kuwa anayekaa mapokezi anaweza kuwa binti wa mzee wa kanisa. Kwa hiyo tuliwafuata sisi. Baa, mchana kabla haijajaa. Ukumbi wa mazoezi. Chumba cha nyuma cha kinyozi. Tunafungua meza, tunakaa, tunangoja.

Nilianza nikiwa mfagizi wa kliniki, Sekela ana miezi saba. Siku hiyo nilikuwa napiga deki korido nikasikia mwanaume mmoja, Mswahili, anahangaika na muuguzi. Walikuwa wamempigia mkalimani kwa simu, wameiweka spika. Yule baba akasema anachokisema, kwamba akienda haja kubwa anatokwa na usaha, na mkalimani akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyekaa kwenye kochi lake, kwamba maneno hayo yeye hayatafsiri, amtafute mchungaji. Akakata. Yule baba akabaki ameshika simu kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Nikaegemeza dekio ukutani, nikaingia, nikayatafsiri yote, hadi lile la usaha. Sikuwa shujaa. Nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo imenifanyia kazi nyingi zaidi ya cheti changu cha kidato cha nne.

Nilipotoka, mzee mmoja wa Kihindi alikuwa amesimama mlangoni, suruali imepigwa pasi hadi inakata.

Akaniuliza, "Wewe umesoma?"

"Kidato cha nne."

"Unaona haya?"

"Haya ya nini?"

"Basi umesoma vya kutosha," akasema.

Ndivyo nilivyoajiriwa na Anko Harish, ambaye hata yeye hakuwa na madaraka ya kuajiri mtu. Alizaliwa Kisumu, akawa mfamasia Southall maisha yake yote, na alipostaafu kweli, yaani kwa mvi na saa ya ukutani, akajitolea kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu cha zamani, na alikitumia hasa kunigombeza. Miaka aliyoishi na mpenzi wake, ndugu zake walimwita yule mwenzake mpangaji. Mwenzake alipofariki, siku ya kuchoma maiti, shemeji mtu akamtambulisha Harish kwa wageni kama mwenye nyumba. Alinisimulia hilo mara moja tu, huku tunahesabu vijiti vya pamba, na hakupoteza hesabu.

Siku yangu ya kwanza ya meza ilikuwa Kilburn, kwenye chumba cha nyuma cha kinyozi. Sikuwa na mtu wa kumwachia mtoto, nikaja naye mgongoni. Baba yake aliondoka mapema, naye hana nafasi katika kumbukumbu hizi. Meneja wetu alikuwa amenionya kuwa wateja hawatapenda kumwona mama na kitoto. Wateja walimgombania. Mwanaume mmoja, mkono mmoja ametobolewa kidole, wa pili amemshika Sekela mguu, ananiuliza kwa nini sijamvalisha soksi na baridi yote hii. Nilitaka kumwambia yeye mwenyewe hajavaa kondomu na baridi yote hii, ila ilikuwa siku ya kwanza.

Anko Harish alinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye mafunzo, nami nawapa bure. Toboa ubavuni mwa kidole, usitoboe kwenye nyama ya ncha, maana ncha ndiyo mtu anayoshikia kila kitu. Tumia kidole cha pete. Wiki za baridi damu haitoki, utakamua mpaka mkose adabu wote wawili, kwa hiyo chukua chupa ya chai ya moto, mpe mtu kikombe akishike dakika mbili, ndipo utoboe. Akiwa na kikombe mkononi pia ataongea. Anko alikuwa akisema hajawahi kupata ukweli kutoka kwa mtu mwenye mikono mitupu. Na chochote mteja atakachokiita kidogo, kiandike. Kipele kidogo, uchovu kidogo, ni miwani tu. Watu hawaji na ugonjwa, wanakuja na kidogo.

Vijiti vya pamba vilinipa shida kwa sababu ya maneno. Kijiti kimoja ni cha koo, kimoja cha njia ya haja kubwa, na mteja anajichukulia mwenyewe chooni. Kiswahili cha kanisani hakina pa kuanzia hapo, na Kiswahili cha mtaani kinaanza kwa tusi. Nikajitungia njia yangu. Nilikuwa nawaambia: ingiza taratibu kama ufunguo kwenye kitasa cha nyumba ya watu, zungusha, hesabu hadi kumi, toa, na tafadhali usikibadilishe na kile cha koo. Wapo waliobadilisha. Maabara walitupigia simu.

Kanisani kwetu Edmonton walijua kazi yangu kwa sababu niliitaja mwenyewe siku ya kutoa shukrani. Kanisa letu ni la Waswahili, wengi Wakongo wa mashariki, tunakodi ukumbi wa shule. Baada ya siku ile maandazi yangu yalikuwa yanarudi nyumbani na idadi ile ile. Kana kwamba kaswende inakaa kwenye unga. Mwenyekiti wa akina mama, Mama Furaha, mwanamke wa Uvira mwenye kifua cha kuamuru na funguo za kabati la vyombo kiunoni, aliniita pembeni akasema mama wa mtoto mwanamke hafai kushika vitu vile. Nikamuuliza amewahi kushika nini yeye, mwenye watoto sita. Tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa heshima sana, mnajua ile heshima.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika. Huyu nitamwita Bahati, ingawa sivyo anavyoitwa. Amesoma ukurasa huu wote, amefuta mistari miwili, iliyobaki amesema niache.

Bahati ni mdogo wake Mama Furaha. Anatunza wazee nyumba za watu, anaimba besi kwenye kwaya yetu, na alikuwa akiishi kwa dada yake, chumba cha juu. Alhamisi moja nipo Kilburn, meza imefunguliwa, mlango ukafunguka akaingia yeye. Alikuwa amevuka mji mzima ili asikutane na mtu wa kanisa.

Tukatazamana.

"Natafuta kinyozi," akasema.

"Kinyozi umempita huko mbele. Funga mlango, baridi inaingia."

Akaufunga, lakini akabaki nao mgongoni. Akasema dada yake akijua, analala nje. Hakusema kwa kulalamika, alisema kama anayetaja anwani. Nikamwambia hapa sina dada yake wala kwaya, nina chai. Akakaa. Akashika kikombe.

Nikampa fomu ajaze. Akaisogeza mbali, akairudisha karibu, kisha akaziba jicho la kushoto kwa kiganja ndipo akasoma. Nikamuuliza jicho lina nini. Akasema ukungu kidogo, wiki tatu hivi, ni miwani tu, na kitabu cha nyimbo siku hizi anaimba kwa kukumbuka. Nikakiandika hicho kidogo. Pa barua akaweka alama ya hapana: nyumbani kwa dada barua zote anafungua dada. Simu tu. Nikamtoa damu, akachukua vijiti vyake, akanishukuru kwa kiganja kifuani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Sasa sikilizeni sheria. Mliisoma wiki ya kwanza, na mimi niliisoma: ukikutana na mteja nje ya kazi, usimsalimie mpaka akusalimie yeye. Sheria nzuri. Nilijivunia kuishika. Nimepishana na wateja sokoni, kwenye treni, kwenye harusi, nikawapita kama ukuta.

Na sasa sikilizeni desturi. Kanisani kwetu ibada ikiisha mchungaji anatoka wa kwanza na kusimama mlangoni. Wa pili anampa mkono, anasimama kando yake. Wa tatu anawapa mkono wote wawili, anasimama kando yao. Hivyo hivyo, huku tunaimba, mpaka wa mwisho awe ameshikana mkono na kanisa zima, na mstari umezunguka uwanja wa shule. Huwezi kutoka bila kumshika kila mtu. Kama mmegombana na mtu, mstari unawaumbua.

Jumapili ile nikaja kwenye mstari nimemshika Sekela. Nikampa mkono Mama Furaha. Anayemfuata ni Bahati, mkono ameshaunyosha nusu, nusu, kama mtu asiyejua. Na mimi, kwa ujinga wa mwanafunzi bora, nikakumbuka sheria. Hajanisalimia kwa mdomo. Nikainama nikajifanya nafunga kiatu cha Sekela, nikainuka nikiwa nimeshafika kwa mtu wa tatu.

Kiatu cha Sekela hakikuwa na kamba. Aliniambia hivyo papo hapo, kwa Kiingereza, kwa sauti.

Mstari ukasikia. Wimbo haukukatika, lakini ulipungua. Mama Furaha akatoka kwenye nafasi yake, kitu ambacho hakifanyiki, akanifuata.

"Mama Sekela, juu ya nini haukumusalimia ndugu yangu? Munagombana?"

Nikasema hapana.

"Kama hamugombane, kuna nini kati yenu?"

Nikasema hakuna kitu, na hapo ndipo nilipomaliza kumchoma. Fikirini wenyewe. Mwanamke anayesalimia hadi mbwa wa mlinzi amemruka mwanaume mmoja, mmoja tu, na kila mtu anajua huyo mwanamke anapima akina nani. Jioni ile Bahati akaniandikia ujumbe wa neno moja: Umeniua. Kisha akazima simu.

Ijumaa majibu yakaja. Kaswende, na ya nguvu. Daktari wetu akapitia fomu, akaweka kidole pale nilipoandika miwani, akaniuliza hiki ni nini. Nikamweleza ukungu. Akavua miwani yake mwenyewe. Akasema ugonjwa huu ukipanda machoni unaweza kulizima jicho lisirudi, na la pili likafuata, na kwamba huyu mtu anatakiwa hospitali leo, sindano zianze, kila siku inayopita ni ya kwake kupoteza.

Nikapiga simu kwa namba yangu, ya ofisi, ya daktari. Haipatikani. Meneja akafungua mwongozo wake: simu mbili, ujumbe mmoja, barua. Barua amekataa. Kwa hiyo tunafunga faili. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulioniwasha. Nikamwambia faili utalifunga, jicho likijifunga nani atalifungua? Akasema hisia zangu zinaeleweka. Wadogo zangu, mtu akiwaambia hisia zenu zinaeleweka, jueni amemaliza kuwasikiliza.

Kwenda nyumbani kwa Mama Furaha sikuweza, ningekuwa nimempelekea dada mtu ushahidi mlangoni. Kumtumia mtu mwingine ni kumtangaza. Jumamosi nikapanda treni na Sekela hadi Southall kwa Anko Harish. Nilimkuta jikoni anakata bamia, kila kipande sawa na mwenzake. Nikamwambia yote, na la kiatu. Hakunifariji.

"Sheria ile iliandikwa na watu wasiosalimiana," akasema. "Wao wakinyamaza, hakuna anayejua. Ninyi mkinyamaza mmepiga mbiu."

"Nilishika sheria, Anko."

"Ndiyo, ukamwachia yeye mkono hewani. Sasa wewe ulimpa aibu mbele ya watu. Enda uitoe mbele ya watu."

Nikamuuliza naitoa vipi bila kusema siri yake. Akasema hilo hajui, yeye ni Mhindi wa Kisumu, kanisa ni langu. Akampa Sekela kipande cha embe la kopo ampelekee paka ambaye hali embe, na hiyo ikawa ndiyo sala yetu.

Usiku kucha, hapana, sitawadanganya kwamba nilikesha, nililala. Wazo lilinijia asubuhi nasuka nywele za Sekela. Kanisani kwetu kipo kitu kimoja kinachopendwa kuliko ugomvi, nacho ni watu kupatana. Wakipatana wawili mbele ya mstari, mchungaji anafurahi kama aliyebatiza, na wanaopatana wanapewa chai na kukaa pembeni wamalizane, na hairuhusiwi mtu kuwaingilia. Kilichonipungukia ni ugomvi tu. Nikajitengenezea ugomvi.

Bahati alikuja. Baadaye aliniambia alikuja kwa sababu dada yake alishamshushia begi kutoka juu ya kabati, akaliweka kitandani likiwa wazi, tupu, bila neno. Asingekuja Jumapili ile, begi lingejaa. Aliimba besi huku ameelekeza uso ukutani.

Mstari ukaanza. Nikampa mkono Mama Furaha, baridi kama chuma. Nikafika kwa Bahati. Mikono yake yote miwili ilikuwa mifukoni. Nikasimama. Nikamwachia Sekela, nikapiga goti moja, mimi, ambaye hata mahari yangu haikunipigisha goti, nikasema kwa sauti ya kufika mlangoni:

"Bahati, kaka yangu, shalom. Jumapili iliyopita nilikuruka mkono. Nilikuwa na kinyongo nawe kwa ajili ya ile sufuria kubwa ya kanisa. Nilisema uliichukua ukairudisha imeungua, nikakuwekea moyoni. Naomba unisamehe mbele ya kanisa."

Wimbo safari hii ulikatika. Nikamwangalia machoni, lile zima na lile la ukungu, na kumwomba kwa macho aelewe. Niliona pua yake ikitanuka, nikajua ama analia ama anacheka.

"Sufuria nilisugua," akasema polepole. "Nilisugua na muchanga. Haikuungua. Weye ndiye ulisema kwa watu imeungua."

"Nilisema."

"Ulinikosea."

"Nilikukosea, kaka."

Akatoa mkono mfukoni. Nikaushika kwa mikono yangu yote miwili na sikuuachia. Nyuma yetu Mama Furaha akatoa kicheko kimoja kikubwa, akapiga kofi paja lake.

"Sufuria? Wiki muzima nakosa kulala juu ya sufuria?"

Kanisa likacheka naye. Mchungaji akasema aleluya. Tukawekewa viti viwili pembeni ya uwanja na vikombe viwili vya chai, na watu wakatupa mgongo kwa adabu, kama desturi inavyotaka. Bahati akashika kikombe chake kwa mikono miwili.

Nikamwambia. Kaswende. Jicho si miwani. Dawa ipo, ni ya zamani na inafanya kazi, lakini ni leo.

"Kesho niko kazini," akasema.

"Nimesema leo."

"Nitamwambia dada naenda wapi?"

"Tumepatana. Unanisindikiza nyumbani na mtoto. Nani atakuuliza?"

Akanywa chai yote, moto, kwa mkupuo. Tukapanda basi, Sekela katikati yetu, hadi hospitali, daktari wetu akiwa ameshawapigia. Aliangaliwa jioni ile ile. Sindano zikaanza, kila siku kwa wiki mbili, matakoni. Wiki hizo mbili aliimba ibada nzima amesimama, na akina mama wakasema tangu apatane na Mama Sekela amepata upako. Jicho la kulia lilibaki zima. La kushoto lilirudi, halikurudi lote. Anasema anaona kama kupitia dirisha la basi wakati wa mvua. Zile siku mbili za simu isiyopatikana, na wiki nzima iliyotangulia, naamini zimo ndani ya dirisha hilo. Sijisamehe, wala sitaki mtu anisaidie kujisamehe. Nataka mjifunze.

Nilidanganya kanisani, ndiyo. Aliyeumba jicho anajua hesabu yake na yangu.

Meneja alipojua akaniandikia onyo: nilimsalimia mteja hadharani bila yeye kuanza, na nikamfuata nje ya utaratibu. Nililitia sahihi kwa kalamu nyekundu. Anko Harish akaenda kwenye jalada la mwongozo, pale ilipo sheria ya kutosalimia, akaongeza kwa mwandiko wake wa mfamasia: Isipokuwa kwa watu wanaosalimiana. Hao msalimieni wote au msimsalimie yeyote. Wameshachapisha mwongozo mpya na mstari huo hawakuuweka. Ndiyo maana nauandika hapa. Ukiwa unawahudumia Waswahili, kumruka mtu ni kumtaja jina.

Miaka ikaenda. Magoti ya Anko yakachoka, sasa ananigombeza kwa simu. Bahati akahama, kwa hiari yake, chumba chake mwenyewe, ila Jumapili mchana anakula kwa dada. Na mimi nikaendelea na meza hadi barua ile ilipokuja. Siku ya mwisho tulitakiwa kurudisha vifaa. Nilirudisha pini, tyubu, vijiti, kisanduku cha njano cha sindano, na kitambulisho chenye picha yangu nikiwa mnene wa kunyonyesha. Meza niliibeba. Nilipanda nayo basi hadi Edmonton, dereva akaniangalia, nikamwangalia. Iko koridoni kwangu, Sekela anaigonga kila asubuhi na kulalamika. Mkiulizwa iko wapi, semeni hamjui, ingawa sasa mnajua.

Jumapili iliyofuata nikaja kwenye mstari kama mtu asiye na kazi. Bahati akaninyoshea mkono kabla sijafika, akanisalimia kwa jina kamili. Kabla yake, dada yake alikuwa ameushika mkono wangu na kukataa kuuachia. Mama Furaha kazeeka kidogo, lakini kiuno bado kinalia funguo.

"Nasikia bamefunga kazi yako," akasema, chini chini, mdomo hautikisiki.

"Wamefunga."

"Mama Sekela, ile sufuria ya kanisa." Akagusa funguo. "Kabati nafunga mi mwenyewe. Ile mwaka haikutoka hata siku moja."

Watu walikuwa wanangoja nyuma yangu. Nilishindwa kusogea.

"Ulijua siku ile ile?"

"Mutu anapiga magoti mbele ya kanisa, anatubu zambi ya sufuria yenye haijatoka kabati. Nikasema, huyu anafunika mutoto wa mama yangu. Nikacheka kwa nguvu, batu basikie. Nikaenda nyumbani nikarudisha begi juu ya kabati." Akanibana mkono hadi ukauma. "Bahati hajui kama najua. Atanieleza siku yake. Sasa bale bengine, baende wapi?"

Nikamwambia sijui. Kuna vifurushi vya posta.

"Posta," akasema, kwa namna ambayo meneja wangu alipaswa kuisikia. "Meza yako iko wapi?"

"Kwangu."

"Leta kwangu Jumamosi muchana. Sufuria nitatoa mi mwenyewe. Batu habaongee bila chai."

Nilimpa Bahati ukurasa huu jana, na mazungumzo haya yamo. Aliusoma mara mbili, jicho la kushoto ameliziba kwa kiganja. Kisha akasema hii yote iache.

Basi msije mkasema sikuwaaga vizuri. Sitoboi mtu kidole bila kliniki nyuma yangu, si mjinga. Lakini kumkalisha mtu, kumpa kikombe akishike, kumsikia hicho anachokiita kidogo, na Jumatatu kupanda naye basi hadi mlangoni kwa daktari, hakuna barua inayoweza kunistaafisha. Ninyi mkipokea simu ya Mswahili asiyetaka kifurushi, mpeni anwani ya Mama Furaha. Mwambieni asiogope funguo.

Jumamosi sufuria ilitoka. Ilikuwa safi, haijawahi kuungua.